Niliacha Kuziosha Mbeta za Mwinjilisti

Bwana Mhariri, jina langu usilichapishe. Si kwamba naogopa kupigwa. Kwetu hakuna atakayenipiga. Wakisoma haya watanicheka kidogo, watanipakulia ugali, halafu wataniambia nikapumzike. Hicho ndicho ninachokiogopa, na mkinivumilia mpaka mwisho mtaona kwa nini.

Kosa ni langu. Nilimwangusha mtu wa Mungu, na sikutumia rungu wala dawa ya mganga. Niliacha kuosha vyombo tu.

Mimi ni kijana wa huku vilimani Iringa, si mbali na Nyololo, pale barabara kuu inapopita kwenda Mbeya. Shule niliishia darasa la nne. Watu wananijua kwa kucheka na kwa kuota ndoto mchana. Lori likipanda mlima mimi hulitazama mpaka vumbi litulie, na kichwani nimeshafika Mbeya, nimeshavaa viatu, nimeshakuwa mwinjilisti, nahubiria umati, na mama yangu marehemu yupo benchi la mbele analia kwa furaha. Ndiyo, hata marehemu nilikuwa nawafufua. Ndoto zangu hazikuwa na adabu.

Mama alipofariki nilichukuliwa na mjomba wangu. Humu nitamwita Mzee Balama, ingawa si jina lake, na wengine wote nimewabadilisha majina vilevile. Mjomba ni mkubwa wa wazee wa kanisa letu. Alinivika, alinilisha, hajawahi kunitukana hata siku moja. Kazi aliyonipa ni kugema ulanzi.

Ninyi msiokuwa wa huku niwaeleze. Ulanzi ni maji ya mwanzi. Mvua zikianza, unakata ncha ya chipukizi la mlanzi, ndio mwanzi wenyewe, na kuifungia mbeta, yaani kikopo cha mwanzi huohuo. Asubuhi na jioni unaipunguza ile ncha kidogo kwa kisu, maji yanadondoka. Kama mbeta umeiosha vizuri kwa maji ya moto, asubuhi unakuta mtogwa. Mtogwa ni mtamu, hata mtoto anayenyonya anaonjeshwa. Lakini kama hukuiosha, machicha ya jana yanabaki mle ndani, na maji mapya yakiyakuta yanachacha palepale. Asubuhi unakuta pombe. Ukitazama kwa macho ni kitu kilekile. Tofauti iko kwa mgema na mkono wake.

Kanisa letu linakataza pombe. Mtogwa halikatazi. Kwa hiyo mimi, mgema mwimba kwaya, nilikuwa naosha mbeta zangu mpaka zinanuka moto.

Basi akaletwa Mwinjilisti Asajile. Alitoka upande wa Rungwe, kwenye migomba, na mlanzi alikuwa hajawahi kuuona ukigemwa. Mtu mrefu, mkimya, mke wake amefariki, watoto wako kwa bibi yao huko kwao. Akapewa nyumba nyuma ya kanisa. Watu walimwamkia "Kamwene, mwalimu," akaitika vizuri, wakapita. Hakuna aliyeingia. Mtu asiyekunywa, asiyecheza bao, asiyejua kilugha chetu, utakaa naye uongee nini?

Mimi niliingia. Nilimpelekea mtogwa asubuhi ya kwanza, akanusa kwanza.

"Hii si pombe, kijana?"

"Hapana, mwalimu. Ni mtogwa. Pombe ingekukunjisha uso."

Akaonja. Akanywa. Akaniangalia kama mtoto aliyepewa muwa.

"Na huu mti mnaukata kila siku na haufi?"

"Haufi, mwalimu. Unalia tu."

Akacheka. Tangu siku hiyo nikawa nampelekea kila asubuhi, naye jioni ananifundisha kusoma kwa sauti. Alinifundisha kutulia kwenye nukta. "Usikimbie kama unafukuzwa," aliniambia. "Neno lipe nafasi likae." Nilipomwambia ndoto yangu ya kuwa mwinjilisti hakunicheka. Alisema atanisemea kwa mchungaji, nipelekwe mafunzo. Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kupendwa na mtu anayekusahihisha. Mimi nilikuwa sijawahi.

Sasa yupo mama mmoja, Mama Yohana, mjane wa mdogo wake mjomba. Mume alipokufa, wazee walitaka arithiwe na mjomba kama desturi ya zamani. Yeye akaenda kumuuliza mwinjilisti. Mwinjilisti akamwambia kanisa halikubali mjane kurithiwa kama jembe, akatae, Mungu atamsimamia. Mama Yohana akakataa. Mjomba akasema sawa, hamlazimishi, yeye ni Mkristo. Ila milanzi ya marehemu, lile shamba zuri la bondeni, ni mali ya ukoo, na asiyetaka ukoo hawezi kuitaka milanzi. Akalichukua. Akanipa mimi niligeme.

Unaona ilivyokaa. Mama wa watu kalitii kanisa, na mzee wa kanisa kachukua kilichokuwa kinamlisha.

Jumapili moja Mwinjilisti Asajile akalisema madhabahuni. Hakuzunguka. Alisema mle ndani yumo mtu anayekunywa jasho la mjane, na kama milanzi ile haitarudi, yeye haoni atawezaje kuwaandaa watu kwa meza ya Bwana.

Nilidhani mjomba atakasirika. Wapi. Baada ya ibada alimshika mwinjilisti mkono kwa mikono yote miwili. "Neno zuri, mwalimu. Neno limetuchoma." Wazee wengine nao wakamshika mkono. Wamama wakamletea kuku. Nikafurahi, nikajisemea kijiji chetu ni kizuri, kinapokea ukweli. Ujinga wangu ulikuwa na mabawa.

Jioni mjomba alinikuta nafunga mbeta kule bondeni. Akachuchumaa karibu yangu, akang'oa jani, akalitafuna.

"Mwinjilisti wetu anateseka na baridi," alisema.

"Ndiyo, mjomba. Anakohoa."

"Damu ya migombani ile, haijazoea huku juu. Halafu ana huzuni. Mtu mwenye huzuni anaona makosa ya watu tu." Akatafuna tena. "Mbeta zake usiwe unaziosha sana."

Nikasimama na kisu mkononi.

"Zitachacha, mjomba."

"Kidogo. Zimpe joto. Nani anasema pombe? Mimi nimesema pombe?"

"Hapana, mjomba."

"Umesoma, una akili. Mchungaji akija nitamweleza habari zako. Mafunzo yale wanaopeleka majina ni sisi wazee, mwinjilisti ni mgeni tu, leo yupo kesho hayupo." Akanipiga bega, akacheka. "Wewe ndiye mwinjilisti wetu, mtoto wa dada yangu. Lini tutampata wa kwetu?"

Hakunitisha. Laiti angenitisha.

Asubuhi iliyofuata nilizisuuza mbeta mbili za mwinjilisti kwa maji baridi, mara moja. Siku iliyofuata sikuzisuuza. Nilijiambia ni utani. Nilijiambia kweli ana baridi. Nilijiambia na mengine mengi, maana kichwa changu ni hodari wa kutunga. Nikampelekea, akanywa, akasimamisha kikopo kidogo mdomoni.

"Leo una ukali."

"Mvua imepungua, mwalimu. Maji yanakuwa mazito."

Uongo ule nilikuwa sijauandaa. Ulitoka wenyewe, umeshavaa nguo. Akaninyooshea kikopo nimwongezee.

Niwaambie lililonishangaza? Kijiji kizima kilijua. Sijui nani alisema. Lakini wiki chache baadaye watu wakaanza kuingia ile nyumba ambayo mwanzo walikuwa wanaipita. Mmoja kaja na mbeta yake, mwingine na kibuyu, mama fulani kaleta viazi na kidumu kidogo "cha kusafishia koo la mwalimu." Ilikuwa furaha. Walimfundisha bao. Walimfundisha maneno ya kilugha, mengine machafu, akayasema mbele ya wamama bila kujua, watu wakaangua kicheko. Alianza kucheka kwa sauti. Alianza kuchelewa kuamka. Masomo yetu ya jioni yakafa. Nikifika na kitabu nakuta nyumba imejaa, ananiita, "Njoo, mwanangu, kaa na watu."

Hakuna aliyemchukia. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo. Walimpenda hasa. Walimpenda zaidi kila alivyozidi kufanana na wao. Na habari ya milanzi ya Mama Yohana haikusikika tena madhabahuni. Ilikuwa kama jiwe lililotupwa majini, maji yamejifunga.

Mama Yohana alikuja siku moja mpaka mlangoni kwa mwinjilisti, mimi nikiwa mle ndani. Hakuingia. Alisimama na mtoto mgongoni, akawatazama wazee wote waliokaa pale na vikopo.

"Kamwene, Mama Yohana, karibu upate joto," mjomba akamwambia kwa upole kabisa.

"Joto ninalo," akajibu. "Nilikuja kumwona mwalimu. Lakini naona hayupo."

Mwinjilisti alikuwa amekaa palepale, mbele ya macho yake. Wakacheka. Yeye mwinjilisti hakucheka.

Nadhani yale maneno ndiyo yaliyomwamsha. Jumapili iliyofuata alipanda madhabahuni akaanza upya habari ya mjane na milanzi. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini asubuhi ile alikuwa ameshakunywa, kutoka kwa mikono yangu, na ulimi ulikuwa unamteleza. Alisema "jasho la mlanzi" badala ya "jasho la mjane." Akarudia. Akakosea tena. Kijana mmoja akacheka pembeni, kisha mabenchi yote. Hata mimi kwenye kwaya nilificha uso nisionekane nacheka. Ndiyo, nilicheka. Andika na hilo, Bwana Mhariri. Mtu anasema kweli, na kweli yake inachekesha kwa sababu ya kile nilichomnywesha mimi.

Wazee wakaenda kumwita mchungaji.

Mchungaji wetu anakaa mbali, anatufikia mara chache kwa mwaka. Alikuja akaketi mezani kanisani, wazee upande huu, mwinjilisti upande ule peke yake. Mjomba aliongea kwa huzuni kubwa. Alisema wanampenda mwalimu, wamemvumilia, lakini kondoo wanapotea. Watu wakatikisa vichwa. Mchungaji akamuuliza mwinjilisti kama anakunywa pombe.

"Ninakunywa ninacholetewa," akajibu.

"Unaletewa nini?"

Mjomba akasema, "Anayempelekea ni kijana wetu huyu. Muulizeni yeye, ni mkweli."

Nikasimama.

"Unampelekea nini mwinjilisti?" mchungaji akaniuliza.

Ndugu zangu, hapa ndipo maisha yangu yalipokuwa wazi kama mlango. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno machache tu. Mbeta sizioshi, nimeagizwa. Mjomba alikuwa ananitazama kwa upendo, wallahi kwa upendo, kama mtu anayemtazama mwanawe siku ya ndoa. Kanisa zima lilikuwa linanitazama hivyo. Watu walionifuta kamasi mama alipokufa.

"Mtogwa, mchungaji," nikasema.

"Mtogwa huu mtamu?"

"Ndiyo."

"Basi pombe inatoka wapi?"

Nikainama. "Labda anauweka ndani mpaka unachacha."

Ningeweza kusema sijui. Niliongeza mwenyewe.

Mwinjilisti Asajile alinitazama. Nilingoja aseme huyu kijana ni mwongo. Alifunga tu kifungo cha shati, kile cha juu, akaketi vizuri.

Akavuliwa kazi. Aliondoka na sanduku lake mpaka barabarani, na hakuna aliyemsindikiza. Wale wote waliokuwa wanajaza nyumba yake, siku ile kila mmoja alikuwa na shamba la kulima. Nilimwona kwa mbali akipanda lori la kwenda Mbeya. Lile lori ndilo nililokuwa naliota siku zote, na siku ile sikutaka hata kulitazama.

Nikapewa kusoma Neno Jumapili. Nilitulia kwenye nukta, kama nilivyofundishwa. Watu wakasema nimebarikiwa. Jina langu likapelekwa mafunzoni. Mama Yohana wakamwita mwanamke aliyemponza mtumishi wa Mungu, akawa anakaa benchi la nyuma, na siku za juma akawa kibarua wa kulima mashamba ya watu. Mimi kila asubuhi nagema milanzi yake.

Kicheko kikaniishia. Ndoto bado zilikuja, lakini nikifika pale kwenye umati, mama yangu benchi la mbele hayupo.

Nikashindwa kuvumilia. Mjomba aliponituma Mbeya na magunia ya viazi, niliyashusha sokoni Mwanjelwa, nikauliza wafanyabiashara pale kama kuna anayemjua mtu mrefu wa Rungwe aliyekuwa mwinjilisti. Mzee mmoja mwenye duka, Mwislamu mwenye asili ya pwani, akanipa kiti na maji kabla hajanijibu. Akasema mtu huyo alilala kwenye baraza lake siku kadhaa, kisha akaenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

"Ni mwanafunzi wake."

"Basi umechelewa darasani," akasema, bila kutabasamu.

Nikaenda Chunya. Kule hakuna kijani, ni vumbi na mashimo. Nilimkuta Mwinjilisti Asajile anachekecha mchanga, mavazi yake rangi moja na ardhi. Alinitambua mara moja. Akaninyooshea mkono, nikapiga magoti nikashindwa kuupokea.

Nikamwambia yote. Maji baridi, machicha, mjomba bondeni na jani mdomoni. Nililia nikasahau aibu. Yeye alikuwa anapangusa mikono kwenye suruali, taratibu.

"Simama, watu wanatazama," akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini, mwalimu?"

"Ulimi wangu si wa mtoto. Nilijua tangu siku ile ya kwanza uliposema mvua imepungua. Mvua ilikuwa inanyesha, kijana, ulikuja umelowa."

Nikamuuliza tena.

"Kwa nini ulikunywa?"

"Kwa sababu walikuwa wanakuja. Kabla ya hapo nilikuwa nakula peke yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakunisema mbele ya mchungaji. Akasema angesema nini, wakati mdomo uliokunywa ulikuwa wake? Kisha akaniuliza swali moja tu, na sikulitegemea. Hakuuliza habari ya jina lake wala kazi yake.

"Mama Yohana karudishiwa milanzi?"

"Bado, mwalimu."

Akageuka akatazama yale mashimo.

"Basi nenda ukaseme wewe. Mimi nikisema wataniuliza leo nimekunywa nini."

Na alikuwa amekunywa, ndugu msomaji. Niliisikia kwenye pumzi yake. Sasa anakunywa bila kuletewa na mtu.

Njia nzima ya kurudi nilijiandaa kufukuzwa. Nilishapanga nitalala wapi. Jumapili, muda wa shuhuda ulipofika, nikasimama. Nikasema mwinjilisti hakuchachusha mtogwa. Nikasema mbeta sikuziosha, ni mimi. Nikasema niliagizwa na mjomba wangu, kwa sababu ya milanzi ya...

Sikumaliza. Mama mmoja alianzisha wimbo wa toba. Kwaya yangu mwenyewe ikaupokea, sauti ya chini ikakosekana kwa kuwa sauti ya chini ni mimi. Nikaongeza sauti, wakaongeza sauti. Mjomba akatoka kwenye kiti chake, akaja akanikumbatia mbele ya wote, analia. Machozi ya kweli, yalinilowesha shingo. Wimbo ulipokwisha akageukia watu, mkono ukiwa begani kwangu.

"Mmeona moyo wa kijana huyu? Anabeba dhambi zetu. Sote tumekosa. Mimi wa kwanza. Nani hapa hajakosa?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Na wote wakiwa wamekosa, basi hakuna aliyekosa. Wakanisamehe palepale. Kuku akachinjwa. Habari zikafika kwa mchungaji, naye akasema sasa ndiyo nimestahili mafunzo, maana mtumishi lazima awe na moyo uliopondeka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe, wakanipa mapaja ya kuku.

Mama Yohana alinisubiri nje, kwenye njia ya kisimani. Nilidhani atanishukuru. Naam, hata wakati ule nilikuwa bado naota.

"Umejisafisha," akaniambia.

"Nimejaribu, mama."

"Wewe umetoka msafi. Milanzi yangu je?"

Akaniangalia kama anasubiri jibu kweli. Mwanawe Yohana alikuwa anacheza na kifungo changu cha shati. Nikasema nitaongea na mjomba. Akaondoka bila kuniaga.

Jioni nilimwambia mjomba kwamba lile shamba la bondeni siligemi tena mpaka lirudi kwa mwenyewe. Hakukasirika. Akaniambia nimechoka, safari ya Chunya ni ndefu, nisijali. Asubuhi nikaona binamu yangu anashuka bondeni na kisu, anapiga mluzi. Mezani nikapewa nyama kubwa kuliko zote.

Nikamwambia na mzee wa pili. Akasema, "Hilo si ulishalitubu?" Nikamwambia wa tatu. Akaniuliza lini naanza mafunzo, akaniombea.

Kila mlango ninaougonga unafunguliwa, nakaribishwa ndani, nakalishwa, nalishwa, na natoka na lile neno bado liko kooni. Siku hizi wakinikuta naanza kulisema wanatazamana kwa huruma. "Kijana wetu ana moyo laini," wanasema. Hata wakati mwingine najikuta nacheka nao.

Ndiyo maana nimeandika hapa, ambako hakuna anayeweza kuanzisha wimbo.

Vijana wenzangu, hasa ninyi mnaopenda kanisa au msikiti kwa moyo wote na mnapendwa na kila mtu, mniangalie mimi. Siku ile mbele ya mchungaji, ukweli ungemrudishia mjane shamba lake na ungemwacha mwalimu wangu na kazi yake. Ungenigharimu nyumba na ndoto, basi. Mimi nikauweka ndani kwanza. Nilipoutoa baadaye wote waliufurahia, wakauimbia, kwa sababu ulikuwa hauna tena kazi ya kufanya. Msiuweke. Ukiulizwa leo, jibu leo, hata kama wanaokutazama ndio waliokulea.

Mafunzo yanaanza mvua zikiisha. Wamenishonea suruali, na viatu vimeshanunuliwa. Sijasema nakwenda, na sijasema siendi, na kijiji kizima kinajua kwamba nakwenda.